AFYA YA FAMILIA: Mtoto ambaye mifupa yake inavunjika bila kuanguka

  

Mwezi huu tulikuwa tuendelee na habari ya malaria, lakini imekuja barua ambayo haiwezi kungoja. Imeandikwa na mama mmoja wa hapa hapa kwetu. Jina lake tunalificha, na tafadhali msianze kupita nyumba kwa nyumba kumtafuta. Anasema mtoto wake wa kiume ana miaka minne. Ameshavunjika paja mara mbili na mkono mara tatu. Mara ya mwisho hata hakuanguka, alikuwa anavalishwa shati tu. Mguu wa kushoto umepinda kama upinde, na kutembea bado. Mama mkwe anasema kuna kitu kimetupwa kwenye nyumba. Bwana yake ameanza kulala kwa ndugu yake. Majirani nao wana lao: eti anampiga mtoto. Mama anauliza mambo matatu. Huu ni ugonjwa gani? Umeletwa na nani? Na akizaa tena, atakayekuja atakuwa hivyo hivyo?

Mama, pole sana, na asante kwa kuandika. Mtoto hapimwi kwa barua, kwa hiyo neno la mwisho ni la daktari. Lakini mtoto akivunjika mara nyingi namna hiyo, tena kwa jambo dogo, kuna ugonjwa mmoja ambao daktari wa mifupa lazima aufikirie. Jina lake la kitabuni ni refu: osteojenesisi imperfekta. Kwenye karatasi za hospitali wanaandika OI, herufi mbili tu. Sisi tuuite ugonjwa wa mifupa mikavu, maana mfupa wake unakatika kama kijiti kikavu.

Ni ugonjwa wa nadra. Wataalamu wanakadiria kwamba katika watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, mmoja anao. Utasema ni wachache mno. Lakini Uganda huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja na nusu kila mwaka. Piga hesabu, utapata kama watoto 75 mpaka 100 kila mwaka, nchi hii peke yake. Wapo. Wengi wamefichwa ndani ya nyumba, wengine wamekufa wakiwa wachanga na watu wakasema ni bahati mbaya.

Ili tuelewane, tuangalie ukuta wa nyumba zetu. Unasimamisha miti, unafunga fito, ndipo unakandika udongo. Fito peke yake zinayumba. Udongo peke yake unabomoka. Vikishikana ndipo ukuta unasimama. Mfupa nao umejengwa hivyo. Fito zake ni nyuzi za protini inayoitwa kolajeni. Udongo wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfati. Kwa mtoto mwenye OI fito ndizo mbovu: ama mwili unatengeneza chache, ama zinatoka zimekosewa umbo. Basi hata ukikandika udongo mzuri namna gani, ukuta unabaki dhaifu.

Kuna na jambo la pili. Ndani ya mfupa wa kila mtu, mkubwa au mdogo, kuna mafundi wa aina mbili. Hawa wanabomoa mfupa uliochakaa, wale wanajenga mpya, siku zote, hata tukilala. Kwa mtoto wa OI wabomoaji wanawashinda wajenzi. Mfupa hauongezeki vya kutosha wakati yeye anapaswa kukua. Ndiyo maana kwenye picha ya eksirei mifupa yake inaonekana myembamba na hafifu, kama kivuli.

Sasa, kwa nini unapinda? Wengi wanadhani mtoto amezaliwa na mguu uliopinda. Wengine ndiyo, wanazaliwa hivyo, hata wengine wanavunjika wakiwa bado tumboni. Lakini mara nyingi kupinda kunakuja pole pole. Misuli inavuta mfupa laini kila siku, kama kamba ya nguo inavyovuta mti mwembamba. Halafu kuna nyufa ndogo ndogo ambazo hakuna aliyeziona. Mtoto alilia siku mbili, akanyamaza. Na kila mvunjiko ambao haukunyooshwa vizuri unaunga ukiwa umepinda, na mfupa uliopinda ni rahisi zaidi kuvunjika pale pale. Mgongo nao: pingili zinabonyea moja baada ya nyingine, mtoto anakuwa mfupi, kibiongo kinatoka, kifua kinabanwa. Mwenye kifua kilichobanwa, kikohozi cha kawaida kinaweza kugeuka nimonia mara moja. Hapo ndipo tunaweza kumpoteza, kuliko kwenye mguu wenyewe.

Alama nyingine za kuangalia ni hizi. Weupe wa macho unaweza kuwa na rangi ya bluu au kijivu. (Mtoto mchanga wa kawaida pia anaweza kuwa na bluu kidogo miezi ya kwanza, kwa hiyo msishtuke bure.) Meno yanaweza kuwa ya kahawia au ya kijivu na kumeguka upesi. Viungo vinalegea kupita kiasi. Mtoto anatoka jasho jingi. Ukubwani masikio yanaweza kupungua nguvu. Si kila mtoto ana alama zote. Wako wanaovunjika mara mbili tatu tu maisha yote na wanatembea kama sisi, na wako wanaovunjika mara mia. Kitu kimoja ugonjwa huu haugusi: akili. Kichwani mtoto huyu ni mzima kabisa.

Si kila mguu uliopinda ni OI, hilo nalo tuliseme. Matege yanayotokana na kukosa vitamini D na kalsiamu yanatibika kwa dawa, jua na chakula. Usaha ndani ya mfupa, ambao tunauona sana kwa watoto hapa Uganda, unakuja na homa, uvimbe na kidonda kinachotoa maji, na unataka dawa ya kuua vijidudu haraka, pengine na kisu. Kifua kikuu kinaweza kula pingili za mgongo na kuleta kibiongo; kina dawa zake, na ni za bure. Seli mundu nayo inaleta maumivu makali ya mifupa. Ukimficha mtoto ndani kwa kuamini ni OI, au ni uchawi, unaweza kukosa dawa ambayo ingemponya.

Nije kwenye swali la nani ameuleta, maana ndilo linalovunja nyumba.

Mama hakuuleta. Hakula kitu kibaya wakati wa mimba, hakuvuka kaburi, hakukimbia vita akiwa na mimba na kumuumiza mtoto kwa mbio. Baba hakuuleta kwa kosa lake. Mama mkwe, shikamoo, na wewe nakuomba usikilize: hakuna aliyetupa kitu. Ni kosa dogo katika ile mbegu ya urithi inayouambia mwili jinsi ya kusuka kolajeni. Mara nyingine mmoja wa wazazi ana ugonjwa huo huo, lakini mwepesi, na hakujua. Muulize bibi, muulize mjomba: nani alikuwa anavunjika sana utotoni? Nani alikuwa kiziwi mapema? Mara nyingine wazazi wote ni wazima na kosa limetokea jipya wakati mtoto anatungwa, kama mwandishi anayenakili barua akakosea herufi moja. Herufi hiyo haina mkono wa jirani.

Na habari ya kupigwa. Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu linakwenda pande mbili.

Mfanyakazi wa afya akiona mtoto wa miaka miwili ana mivunjiko mitatu ya tarehe tofauti, ni kazi yake kuuliza kama nyumbani kuna mtu anampiga. Msimkasirikie. Watoto wanapigwa kweli, tunajua wote, na kuna waliopona kwa sababu nesi mmoja aliuliza. Polisi ya Uganda ina kitengo chake cha watoto na familia, na kesi inaweza kufika huko. Lakini mzazi wa mtoto mwenye OI anaweza kuhojiwa kila mara mtoto anapovunjika, tena kwa lugha asiyoijua vizuri, na watu wapya kila safari. Mwingine akihojiwa mara mbili harudi tena hospitali. Anakwenda kwa muunga mifupa usiku, mtoto anapona akiwa amepinda, na majirani wanasema: mnaona? Anaficha.

Kinga ya mzazi ni karatasi. Nunua daftari moja, liwe la mtoto huyu peke yake. Andika kila mvunjiko: tarehe, upande gani, alikuwa anafanya nini, nani alikuwepo, alitibiwa wapi. Kama hujui kuandika, mwanao wa shule aandike, au VHT wa kijiji chako. Omba picha za eksirei uzitunze wewe. Ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki, zisikunjwe, zisipate jua wala maji. Daktari akishaona ni OI, mwombe aandike barua fupi yenye mhuri inayosema mtoto huyu ana ugonjwa wa mifupa kuvunjika kirahisi. Toa nakala. Moja ikae kituo cha afya, moja shuleni, moja kwenye mkoba wako, na ya asili isitoke nyumbani ila kwa sababu. Barua hiyo itakusaidia kuliko maneno mia ya kujitetea.

Sasa safari ya Kampala. Wengi wanauliza: nikifika mjini nitapata nini? Kwanza, usipande basi kwa kichwa chako tu. Anza na kituo cha afya, upate fomu ya rufaa, upite hospitali ya mkoa; wao ndio wanaotuma Mulago. Mkimbizi mwenye karatasi zake anatibiwa katika hospitali za serikali kama raia, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki zake. Ada kwenye hospitali za serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Hata hivyo tusidanganyane: mara nyingi utaambiwa ununue plasta, dawa au glavu, na chakula cha mwenye kumuuguza mtoto ni juu yenu. Uliza ofisi inayowahudumia wakimbizi, kabla ya kuondoka, nani analipa nini, na waandike.

Mulago si mahali pageni kwa watoto waliopinda miguu. Tangu miaka ya 1960 kulikuwa na daktari wa mifupa pale, Ronald Huckstep, aliyefundisha Makerere mpaka 1972. Wakati ule polio ilikuwa imelemaza watoto wengi sana, na vyuma vya miguu vya kutoka Ulaya vilikuwa ghali. Yeye na mafundi wa hapa hapa wakatengeneza vya kwao: chuma kilichopindwa, mikanda ya ngozi, viatu vya mbao. Watoto waliokuwa wanatambaa mavumbini wakasimama. Nawatajia habari hii kwa sababu moja zaidi. Huckstep alizaliwa China mwaka 1926, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wajapani walimfungia kambini kule Shanghai. Naye aliijua kambi.

Siku hizi kuna sehemu nyingine mbili ambazo mnaweza kuzisikia. Katalemwa Cheshire Home iko Kampala, upande wa barabara ya Gayaza, ilianza mwaka 1970. Wanawapokea watoto wenye ulemavu kwa mazoezi, vifaa vya kutembelea na matunzo kabla na baada ya upasuaji. Na CoRSU iko Kisubi, njia ya Entebbe, nje kidogo ya mji. Ilifunguliwa mwaka 2009, na kazi yake kubwa ni kupasua na kunyoosha viungo vya watoto. Taksi nyingi za Entebbe zinapita Kisubi. Lakini nendeni na rufaa, nawaomba, maana kufika langoni bila karatasi na mtoto mgonjwa mkononi ni mateso.

Daktari ataweza kufanya nini? Dawa ya kuumaliza ugonjwa huu haijapatikana duniani popote. Anayekuuzia chupa na kusema itamaliza, mwache na chupa yake. Kuna dawa zinazowazuia wale mafundi wabomoaji, ili wajenzi wapate nafasi. Zinaitwa bisifosfoneti, mojawapo ni pamidroneti, nyingine zoledroneti. Zinapitishwa kwenye mshipa, hospitali, kwa zamu za miezi. Mwaka 1998 Francis Glorieux na wenzake wa Montreal, Kanada, walitoa taarifa ya watoto 30 waliopewa pamidroneti: mifupa iliongezeka, mivunjiko ikapungua, maumivu yakapungua, na watoto wengine wakaanza kutembea vizuri zaidi. Kabla ya kupewa, mtoto apimwe figo na awe na kalsiamu na vitamini D ya kutosha. Ulizeni wazi wazi: ipo? Ni ya kununua? Mara ngapi kwa mwaka?

Kisha kuna chuma cha ndani. Mfupa mrefu uliopinda unakatwa vipande viwili vitatu, vipande vinapangwa vinyooke, halafu chuma chembamba kinapitishwa katikati, kama nyama za muchomo kwenye kijiti. Si mzaha wangu, madaktari wenyewe wanaufananisha na mshikaki. Walioutangaza ni Harold Sofield na Edward Millar wa Chicago, mwaka 1959. Shida yake, mtoto anakua na chuma hakikui, kwa hiyo baadaye zikatengenezwa fimbo zinazorefuka kama eriali ya redio. Chuma hakifanyi mfupa kuwa mgumu. Kinaushika tu, ili ukivunjika usipinde tena, na mtoto aweze kusimama.

Kusimama kwenyewe ni dawa, na hapa wazazi wengi tunakosea kwa huruma. Mtoto akivunjika anafungwa plasta wiki nyingi, halafu tunamlaza miezi mingine tukiogopa. Mfupa usiotumiwa unazidi kuliwa. Plasta ikitolewa mguu ni dhaifu kuliko kabla, anavunjika tena wiki hiyo hiyo, analazwa tena. Huo mzunguko ndio umewalaza watoto wengi maisha yote. Plasta iwe nyepesi na ya muda mfupi kadiri daktari anavyoruhusu, na mazoezi yaanze mapema. Kujigeuza kitandani ni mazoezi. Kukaa, kutambaa, kucheza ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, yote ni mazoezi. Maji yanambeba, hayamvunji.

Kumshika nyumbani kunataka kujifunza, na kila mtu wa nyumba ajifunze, hata dada mdogo anayelea. Usimvute mikono kumnyanyua. Usimshike mbavuni ukamrusha juu kucheza. Ukibadilisha nepi usiinue miguu kwa vifundo. Ingiza kiganja chini ya makalio. Kumnyanyua, tandaza vidole, mkono mmoja chini ya kichwa na mabega, mwingine chini ya makalio, unyanyue polepole. Mpe shati pana linalofunguka mbele; anza kuvalisha mkono unaouma, na wakati wa kuvua uwe wa mwisho. Na kitenge? Najua, sisi bila kumfunga mtoto mgongoni kazi haziendi. Lakini kitenge kikikazwa kinatanua mapaja na kubana mbavu, na mtoto aliyevunjika mara nyingi anaweza kuvunjikia hapo hapo. Abebwe mbele, juu ya mto mdogo. Nesi anayepima presha naye aambiwe mapema, maana ule mkanda ukikaza unaweza kuvunja mkono. Chanjo zote apate kama wenzake, hasa za kukinga nimonia.

Chakula hakiponyi fito mbovu, lakini udongo usikose. Mukene au ndagala wakavu waliwe na mifupa yao, kusagwa na kutiwa kwenye uji inafaa. Maziwa yakipatikana. Lenga-lenga, maharagwe. Jua la asubuhi. Tusimnenepeshe kwa huruma, maana uzito unaangukia mifupa ile ile.

Siku akivunjika: usimkande, usimvute, usimpake mafuta ya moto. Kata boksi gumu au ubao mwepesi, weka nguo laini ndani, funga kiungo kama kilivyo, fundo likipita juu na chini ya mahali palipovunjika. Angalia vidole: vikiwa baridi, vyeusi au vimekufa ganzi, legeza haraka. Ndipo mpande gari, na kama ni boda boda tu inayopatikana, mtu wa pili akae nyuma kumshikilia. Waunga mifupa, wale ambao Waganda wanawaita abayunzi, siwatukani. Wengine wana mikono mizuri na wako karibu. Lakini vijiti vyao vikikazwa mno damu haipiti, na kuna watoto waliokatwa mikono kwa ajili hiyo. Kwa mtoto wa OI kuvuta na kukanda ni kumvunja mahali pa pili.

Na shule. Mwalimu akisema hawezi kumpokea kwa sababu ataumizwa na wenzake, msikubali jibu hilo upesi. Akae karibu na mlango, atoke dakika tano kabla ya kengele ili asisukumwe, apewe mtoto mmoja mkubwa wa kumbebea begi na kumpeleka chooni. Wakati wa michezo awe mshika saa au mwamuzi. Ufaransa kulikuwa na mpiga piano anaitwa Michel Petrucciani, aliyezaliwa 1962 na ugonjwa huu huu. Urefu wake haukufika mbali na mita moja. Alibebwa mpaka kwenye kiti, na piano ikafungwa vifaa ili miguu yake ifikie pedali. Alipiga muziki dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 1999. Huyo wetu wa miaka minne hatujui anaweza nini, ila akifungiwa ndani hatutajua kamwe. Wengi wao, wakishabalehe, mivunjiko inapungua.

Mama, limebaki swali lako la tatu. Kama wewe na bwana wako mkichunguzwa na hakuna mwenye ugonjwa huu, mara nyingi nafasi ya mtoto mwingine kuwa nao ni ndogo, ingawa si sifuri. Wako wazazi wazima wanaobeba kosa hilo kimya wote wawili, au mmoja analo katika sehemu ya mbegu zake tu. Kama mmoja wenu anao, hata ule mwepesi, basi kila mimba ni nusu kwa nusu: anaweza kuupata, anaweza kuukosa, na waliotangulia hawabadilishi hesabu ya anayefuata. Kwa hiyo nendeni wawili kwa daktari, wewe na yeye. Mpe hii karatasi aisome huko anakolala. Na ukipata mimba, anza kliniki mapema, mwambie mkunga habari ya mtoto huyu bila kuficha, na usizalie nyumbani. Uzalie hospitali yenye daktari wa upasuaji, ili mtoto akija na mifupa myepesi wawepo watu wanaojua asivutwe.

Maswali ya mwezi ujao mpeni VHT wa kijiji chenu, au tumbukizeni kwenye kisanduku cha jarida. Habari ya malaria iko palepale, tutaimaliza.